Alama Tatu Kwenye Kava

Siku yangu ya kwanza kazini sikuona picha hata moja. Fundi Mkuu wa duka alinipeleka chumba cha nyuma, akawasha televisheni, akaingiza kanda kwenye deki, halafu akakigeuza kiti changu kikatazama ukuta. "Kaa hapo," akasema. "Macho yatakudanganya. Wewe sikiliza." Nikautazama ukuta wa bluu mpaka picha ikaisha, huku nyuma yangu watu wanapigana, wanalia, magari yanalipuka. Nilipogeuka akaniuliza swali moja: "Yule mama aliyenong'ona pale katikati, alisema nini?" Sikuwa nimesikia mnong'ono wowote. Akaniambia nije tena kesho, na kiti nitakikuta hivyo hivyo.

Mimi ni mtoto wa Arusha mjini. Baba alikuwa fundi cherehani aliyehamia kutoka Kondoa, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na Kiingereza cha kuwaelewa watu wasioharakisha. Ilikuwa miaka ya ruksa, maduka yanaanza kujaa vitu tulivyozoea kusimuliwa na waliofika Nairobi. Huku bara hapakuwa bado na kituo cha televisheni, lakini mwenye uwezo alinunua televisheni hivyo hivyo, kwa ajili ya deki. Vijana mnaosoma haya, deki ni lile sanduku lililokuwa linameza kanda ya video na kukuonyesha picha, na likikasirika linaitafuna. Watu walikodi kanda kwetu, wakarudisha kesho yake.

Kazi yangu iliitwa ukaguzi. Kila kanda iliyoingia dukani ilipaswa kuangaliwa yote kabla mteja hajaigusa, kisha mkaguzi anaandika alama tatu kwenye kava kwa kalamu ya wino mzito: ya sauti, ya picha na ya nyongeza, yaani vile vinavyowekwa nje ya picha yenyewe. Moja ilikuwa mbovu, tano ilikuwa safi kabisa. Wateja waliziamini alama zile kuliko maelezo ya kava, kwa sababu kava zote zinasema picha ni nzuri.

Fundi Mkuu alinifundisha kwa ukali na sijutii. Kwanza, kusafisha kichwa cha deki, kile kidude kinachosoma kanda, kwa kitambaa laini na spiriti, kwani kikichafuka picha inajaa chenga nawe utaisingizia kanda. Pili, kutopima mwanzo. "Wanaokopi wanajua mteja anaangalia dakika za mwanzo tu," alisema. "Uchafu wameuficha katikati." Tatu, kutobabaishwa na kelele. "Bomu kila deki inajua kulipiga. Nitafutie mtu anayenong'ona. Ukimsikia huyo, kanda ni nzima." Na kwa picha alitaka uso wa mtu gizani. Ukiona jicho lake, picha ni safi. Ukiona doa jeusi lenye mdomo, andika mbili uendelee na kazi.

Sheria yake kubwa ilikuwa hii: alama ikishaandikwa haifutwi. Mwenye Duka mwenyewe alikuja siku moja na kanda ya picha iliyokuwa inavuma mji mzima, nimeiandikia mbili ya sauti, akataka niifanye nne. Alikuwa mzee mpole na mnene, anakuomba kitu kama vile anakupa. "Binti yangu," akasema, "watu wanaitaka picha hii." Nikamjibu, "Mzee, waichukue. Na mbili yao wachukue." Fundi Mkuu alikuwa anakunywa chai mlangoni, akajifanya hasikii. Nilikuwa na kiburi enzi zile. Kidogo ninacho hata sasa.

Baadaye nilipelekwa tawi la Sakina, barabara ya Nairobi, kati ya mafundi magari. Kule watu walitaka spika zitikise bati. Fundi mmoja alinirudishia kanda akilalamika haina sauti. Nikaenda kwake kuhakikisha, nikakuta spika kazifungia kabatini zisiibiwe, na juu ya kabati kaweka tairi. Nilimwambia atoe tairi kwanza, halafu tuzungumze habari ya sauti. Alicheka yeye, mimi sikucheka.

Kutoka Sakina nikahamishiwa Usa River, na huko ndiko yalikonipata ninayotaka kuyasimulia.

Mitaa ya juu, kwenye migomba na kahawa za Wameru, alikuwepo Mzee Anaeli, mkulima, mtu wa kanisani, mwenye maneno machache. Siku moja alikuwa ukingoni mwa msitu na mkewe, Mama Eliamani, wanachunga ng'ombe, wakafika wageni na malori ya kutengeneza picha. Walimpenda uso. Wakamwambia asimame njiani na fimbo yake, kwamba steringi, yaani mhusika mkuu, atakuja anakimbia kumwuliza njia ya kuukwepa mlima unaolipuka, naye amjibu kwa Kimeru lolote analotaka. Akafanya. Wakamshukuru, wakampa koti la mvua la kijani, wakaondoka.

Mzee hakujigamba, lakini koti lilimlazimu kueleza. Majirani waliyaona malori yakipita, ila hakuna aliyemwona akiigiza isipokuwa mkewe, na ushahidi wa mke kwa mumewe mnajua unavyopokelewa. Waliobaki walisema koti ni la mitumba.

Picha ilipotoka ikawa moto. Kanda yake ilipofika Usa River nikaipa nne, nne na moja, kwa sababu nyongeza zilikuwa matangazo ya picha nyingine tu. Wiki ile ile wakashuka wazee wanne wa kanisa wamevaa makoti yao ya Jumapili, pamoja na Mzee Anaeli na mkewe. Jina la Mzee lilikuwa limependekezwa awe mzee wa kanisa, na mtu mmoja alikuwa amesimama akauliza, tunampaje mfuko wa sadaka mtu anayesema yumo kwenye picha kabla hatujamwona? Walikuja kumwona.

Tuliiangalia yote pale dukani. Mlima ukalipuka, steringi akakimbia, akafika njia panda, na papo hapo akawa ameshavuka mto. Mzee hakuwepo. Picha ikaisha. Mama Eliamani ndiye aliyesema, "Kanda yenu imekatwa! Mimi nilikuwepo!"

Mkubwa wa wale wazee akanigeukia. "Binti, wewe ndiye unayezijua. Imekatwa?"

Nikairudisha nyuma, nikakipitia kile kipande mara kadhaa. Kanda iliyokatwa ina dalili zake: picha inaruka, sauti inameguka, na ukiifungua unaona ilipoungwa kwa selotepu. Haikuwa na dalili hata moja. Nikawaambia kweli tupu: "Kanda ni nzima, wazee wangu. Haijakatwa."

Mzee Anaeli hakubisha. Alichukua kofia yake, akanishukuru kwa kazi, akatoka. Jina lake likaondolewa, na tangu siku hiyo akaitwa Steringi. Hata watoto waliotumwa dukani walimwamkia, "Shikamoo, Steringi," naye aliitikia marahaba. Iliniuma sana. Lakini nisingeweza kusema vingine, na kesho ukiniuliza kuhusu kanda ile nitakujibu vile vile.

Mama Eliamani hakuninyamazia. Kila siku ya soko, akishauza ndizi zake, alipitia dukani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kanda nyingine haijaja? Ile yenye kipande?"

"Kanda zote ni sawa, mama."

"Zote zimekatwa sawa, basi. Mimi sitachoka, na wewe usichoke."

Ikapita miaka. Kanda zikaondoka, zikaja sahani, zile DVD zinazong'aa. Meneja wa Tawi alikuwa kijana wa Dar, msafi, mwenye haraka. Kwake biashara ilikuwa sahani za kukopi, picha tatu ndani ya moja, na ili zienee wanaokopi walikuwa wanatupa nyongeza zote. Siku moja msambazaji alituletea sahani halisi ya ile picha ya mlima, imetoka upya, iwe sampuli. Meneja akanipa akisema, "Dada, angalia sauti na picha tu. Nyongeza weka sifuri. Nani huku anaangalia nyongeza?"

"Alama zangu zinaanzia moja," nikamwambia, "na siandiki nisichokiona."

Sauti ilikuwa tano. Mlima uliponguruma ulitokea nyuma ya kiti changu, na mnong'ono ulisikika kama mtu aliyeketi jirani. Picha tano vile vile. Nikafungua nyongeza: mahojiano, ufundi wa moto wa uongo, kisha mlango ulioandikwa kwa Kiingereza kwamba ni vipande visivyotumika. Kipande cha tatu, akatokea Mzee Anaeli.

Nilisimama, mkono kichwani. Alikuwa njia panda na fimbo yake, ng'ombe nyuma, anamwelekeza yule steringi kwa sauti nzito ya mimbari. Kipande chenyewe kilikuwa kibichi: rangi haijasafishwa, tarakimu zinakimbia chini ya picha, hakuna muziki, upepo umejaa kwenye maiki. Na Mzee alipokuwa anamalizia, kikasikika kicheko cha mwanamke asiyeonekana. Kirefu, cha kupanda ngazi. Kwenye kazi yetu hiyo ni kasoro kubwa, sauti ya nje. Nikabonyeza maelezo ya mtengenezaji wa picha, akawa anasema alimpenda sana mzee yule, lakini kuna mtu alicheka nyuma ya kamera, na jua lilikuwa limeshakwisha, hawakuweza kurudia.

Basi niliwaza hivi: maneno yangu niliyasema mbele ya watu, na haya nayo yatasemwa mbele ya watu. Nikaomba gari la duka. Meneja akaniuliza kama ni tangazo la biashara, nikamwambia ndiyo. Akaniruhusu.

Jumapili ile nikapanda mlimani na televisheni na deki ya sahani, mtandio wangu kichwani, nikasubiri nje ya kanisa mpaka ibada ikaisha na mnada ukaanza, maana kule mazao yaliyotolewa sadaka badala ya fedha huuzwa hapo hapo uani. Mkungu wa ndizi ukanadiwa, mayai yakanadiwa, jogoo akamtoroka mnunuzi. Mchungaji alikuwa ameniruhusu nitumie umeme wa ofisi ya usharika. Nikaiweka televisheni kwenye kibaraza cha ofisi, kivulini. Yule mkubwa wa wazee wa siku ile alikuwepo, sasa anatembelea mkongojo.

"Wazee wangu, shikamooni," nikasema. "Niliwaambia kanda haijakatwa, na ni kweli. Waliokata ni wenye picha, kabla kanda haijatengenezwa. Walichokikata ni hiki."

Mzee Anaeli alipotokea kwenye kioo, uwanja mzima ulipiga kelele moja. Mtu akasema, "Mungu wangu, ni yeye!" Yeye mwenyewe alisimama nyuma kabisa, hajisogezi. Kisha kikaja kile kicheko, na kelele zikakatika. Watu wote wakageuka kumwangalia Mama Eliamani.

Alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

Nikawatafsiria maelezo ya mtengenezaji. Nilipofika kwenye mtu aliyecheka nyuma ya kamera, Mzee Anaeli alikuja mbele taratibu mpaka kwa mkewe.

"Kumbe ni wewe," akasema.

"Baba Eliamani, ulikuwa unaongea kama mchungaji! Na yule Mzungu anatikisa kichwa kama anaelewa! Ningefanyaje?" Akaangua kicheko kile kile, cha kupanda ngazi, na safari hii hakuna aliyejizuia. Mzee Anaeli alicheka mpaka akashika ukuta wa ofisi. Nami nilicheka.

Yule mkubwa alimwomba radhi pale pale, na kwenye uchaguzi uliofuata Mzee Anaeli akapata uzee wa kanisa. Jina la Steringi halikumtoka, lakini sasa liliitwa kwa heshima.

Nilirudi dukani nikaandika alama: sauti tano, picha tano, nyongeza moja. Ndiyo, moja. Kipande chenyewe ndicho nilichokipima, chenye upepo, tarakimu na sauti ya nje. Meneja alipoiona akasema, "Si nilikwambia?" akaagiza za kukopi. Sampuli nikaomba nikatwe kwenye mshahara, ikawa yangu.

Duka lilifungwa watu walipoanza kupata picha kwa njia nyingine, nami nikastaafu. Wajukuu zangu wanaangalia picha kwenye simu wakiwa wanatembea, na spika yenyewe ni tundu dogo pembeni. Wakiniuliza kama ni nzuri nawauliza kama kuna anayenong'ona. Hawajui. Siwalaumu, hakuna aliyewageuzia kiti.

Mama Eliamani alitutoka mwaka jana. Baada ya mazishi Mzee Anaeli alishuka peke yake mpaka kwangu mjini, na koti lile la kijani, limepauka. Nikamwamkia, nikampa chai, akaniomba nimwekee kile kipande. Nikakiweka. Akakigeuza kiti chake kikatazama ukuta, akasikiliza. Akaomba tena. Nikarudia mpaka chai ikapoa.

Alipokuwa anaondoka akaliokota kava mezani, akaweka kidole kwenye wino.

"Hii moja ni ya nini?"

"Ya nyongeza, mzee. Ya kipande chenu. Ni kwa sababu ya ile sauti ya nje."

"Na ya juu kabisa huwa ngapi?"

"Tano."

Akaligeuzageuza kava mkononi.

"Kalamu unayo?"

Nikampa.