Mwano Ndani ya Video

Miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, mfanyabiashara mmoja wa Bariadi alinunua kamera na deki ya video, na kwaya yetu ikarekodi igizo la kuimba mwanzo mwisho. Mimi, mwalimu wa muziki, nilikaa na wanakwaya mchana wa kuitazama, mbele ya runinga, na karatasi ya alama: sauti kumi, uigizaji kumi.

Binti aliyeigiza mjane aliyeibiwa ng'ombe aliniudhi. Sauti ilikuwa safi, lakini uso mkavu kama wa karani. Uigizaji nikampa tatu. Ndipo akafika pale pa kupiga mwano, lile yowe la wizi ambalo Msukuma akilisikia huacha tonge mkononi. Na spika tulikuwa tumeziweka dirishani.

Muda si muda sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, wakajaa mlangoni na pinde zao, wanahema.

"Ng'ombe wameelekea wapi?" akauliza kamanda wao.

Kalamu ilinidondoka. Kupiga mwano wa uongo kwetu ni kosa kubwa, na aliyeupiga alikuwa amekaa ubavuni mwangu, kucha zake zimezama mkononi mwangu.

"Ni mchezo tu, mzee," nikasema. "Uko kwenye mkanda."

Hakuamini. Akaamuru tuurudishe, aone mwenyewe. Nikasimama kwenye deki, nikaurudisha mkanda. Binti akaimba na uso wake ule ule mkavu, kisha akapiga mwano.

Kamanda, aliyekwisha kuambiwa ni mchezo, aliruka akavuta upinde. Kati ya mshale na runinga nilisimama mimi, na karatasi yangu yenye tatu.