Karanga za Mama na Vitenzi Ishirini

Nikipita mtaa wa Isevya, harufu ya karanga zinazokaangwa hunirudisha uani kwetu, mimi mwenye diploma niliyoisotea ughaibuni bila mjomba wa kunishika mkono.

Jioni moja, nikiwa bado shule ya msingi, mwalimu alikuwa ametupa vitenzi ishirini vya Kiingereza. Neno moja tu, 'give', lilibadilika maana kila lilipopewa mkia mpya: 'give up', 'give in', 'give away'. Yeyote ambaye angekosea kesho yake angevaa kibao cha aibu shingoni hadi Ijumaa. Mimi nilikuwa nimekivaa wiki mbili mfululizo, na wenzangu waliniita Mbuzi wa Mnadani.

Mama hakujua kusoma. Alibangua karanga huku nikivisoma vyote daftarini kwa sauti, kila kimoja na maana yake, kisha nikivikariri bila kutazama. Nikisita tu, mikono yake ilisimama.

"Hapo hujui. Anza upya."

Mara ya saba nililitupa daftari vumbini. "Mama, wewe utajuaje? Hata hicho Kiingereza hukijui!"

Hakuinua macho. Alipasua karanga moja, kisha akavitaja vitenzi vyote ishirini kwa mpangilio wake, kila kimoja na maana yake, kwa lafudhi nzito ya Kinyamwezi, bila kukosea hata kimoja.

"Haya, okota daftari lako, msomi."

Kesho yake sikuvaa kibao, na tangu siku hiyo sijafeli mtihani wowote wa Kiingereza. Diploma yangu nimeitundika sebuleni, kwenye fremu ya mninga. Kila mgeni huisifu. Mimi nikiitazama nakereka, maana jina lililoandikwa pale ni langu peke yangu.