Ngoma ya Mama Mkubwa na Ngoma ya Mashine

Kwaya ya usharika wa nyumbani kwetu Kirua Vunjo ilipokuja kurekodi kwenye studio yangu ndogo hapa Rau, mama mkubwa alikuja na ngoma yake ameipakata. Yeye ndiye mpigaji wa kwaya tangu mimi sijazaliwa.

Tulirekodi mara moja, ikatoka vizuri. Kisha mwalimu wa kwaya akanivuta pembeni.

"Mwanangu, tuwekee ile ngoma ya mashine. Ile ya kaseti za zamani. Watu wakiisikia hiyo hawakai."

Nilimwelewa. Sauti zile ninazo kwenye kompyuta: besi nzito inayotetemesha kifua, na makofi makavu ambayo hakuna kiganja kinachoweza kuyapiga. Mashine zenyewe zilitengenezwa kabla yangu, lakini vijana wanaokuja kutafuta biti na wazee wa kwaya wanaomba kitu kilekile. Nikabonyeza. Waimbaji wakaanza kutikisa mabega kabla hata ya kufungua midomo. Mama mkubwa alibaki kwenye benchi, ngoma mapajani.

Ningeweza kukataa; studio ni yangu. Nikaiacha ipige, kwa sababu na mimi niliona wimbo umenoga zaidi bila yeye. Hilo ndilo linalonitafuna.

Wiki iliyofuata nilipanda kwake mlimani, Kirua. Nilimkuta anamkatakatia ng'ombe migomba, simu mfukoni inaimba wimbo uleule tuliorekodi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Nimekuja kukuomba radhi. Kuhusu ngoma."

Hakuacha kukata. "Unajua nilijifunzia wapi kupiga? Kwenye kaseti. Nilidhani ni mtu. Nikamfuatisha mpaka vidole vikavimba, simfikii. Baadaye kaka yangu ndiye akaniambia ile ni mashine."

"Ukafanyaje?"

"Nikaendelea. Nilikuwa nimeshaipenda."

Nikamwomba ashuke Rau siku yoyote, nimrekodi peke yake. Akasema mikono inamsumbua siku hizi, nimwache kwanza. Alisema kwa upole, na upole huo ulinifanya nishindwe kumtazama. Nilipoaga, alinifungia ndizi na chupa ya maziwa, kama kawaida yake.

Jumapili nilihudhuria ibada kulekule. Kwaya iliimba ikifuata spika. Mama mkubwa alisimama mstari wa nyuma pamoja na sauti ya pili, anaimba, mikono ameificha ndani ya joho.