Chumba Kisicholipiwa Kodi

Mwaka ule bendera ilipopandishwa nilijenga vyumba sita Garissa kwa ngamia wasiokuwa wangu. Nilikuwa karani wa mifugo, mtu wa "Kenya" kama wenyeji walivyotuita sisi tuliotoka ng'ambo ya mto, nimeletwa kwa uhamisho na sanduku moja na tamaa kubwa ya kuitwa mwenye nyumba. Benki haikunijua. Aliyenijua ni mfanyabiashara wa mifugo, Msomali wa makamo, aliyekuwa akija dirishani kwangu kuchukua vibali vya ng'ombe aliowatoa Liboi.

Nilipomweleza habari ya vyumba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema atauza ngamia wanane ninunue mabati, simiti na mbao. Nikamuuliza anataka faida kiasi gani. Alinitazama kwa huruma.

"Riba mimi hapana kula," alisema. "Nibe chumba ya kona nikae. Siku utarudisha besa yangu, mimi narudisha funguo."

Tulipatana kama watu wa soko la mifugo wanavyopatana bei, mikono imefunikwa na shuka, vidole vikizungumza. Hatukuandika kitu. Mimi niliyekuwa nikiandika ofisini hata mbuzi akikohoa, siku hiyo sikuandika kitu.

Vyumba vitano vilipata watu hata chokaa haijakauka: walimu, makarani, fundi cherehani mmoja. Kila mwisho wa mwezi nilipita na daftari langu, kila chumba na ukurasa wake. Chumba cha sita hakikuwa na ukurasa, maana hakikulipa. Mwenyewe alinipungia mkono kutoka mlangoni, akaniita walaal, yaani ndugu, akanimiminia chai ya maziwa ya ngamia. Nami nilikunywa huku nikiwaza chumba kile kingeniingizia nini. Kilikuwa kizuri kuliko vyote, kikipata upepo wa mtoni. Ndivyo nilivyoanza kumwonea kijicho mtu aliyenijengea nyumba.

Kisha vita vikaja, Wasomali wa huko wakitaka kujitenga na serikali mpya. Barabara ikawa haipitiki ila kwa msafara wenye askari mbele na nyuma. Ng'ombe wa Liboi hawakufika tena, na walimu wakaomba uhamisho mmoja baada ya mwingine. Kufikia mwaka wa tatu vyumba vyangu vitatu vilikuwa na popo tu, na deni liko palepale. Ndipo akaja mzabuni aliyekuwa akipeleka nyama kambini kwa wanajeshi, akitafuta pa kulala. Alivikataa vyote vilivyokuwa wazi. Alitaka cha kona, tena kwa kodi maradufu. Nilimwambia kina mtu. Akasema huyo mtu akitoka, nimwite.

Majuma machache baadaye ikatoka amri: kila mwenye nyumba alete orodha ya wapangaji wake. Msomali asiyekuwamo katika orodha yoyote angepelekwa kwenye kijiji cha kulindwa, walikokusanywa watu wa malishoni ndani ya seng'enge. Nilikaa mezani na daftari langu nikanakili, ukurasa kwa ukurasa. Nilipofika mwisho, kalamu ilisimama.

Watu niliowasimulia baadaye walinifariji kwamba nilisahau. Sikusahau. Nilijiambia kwamba walioombwa ni wapangaji, na mpangaji ni mtu anayelipa kodi, na yule hajanilipa hata senti. Nikapiga mstari, nikatia sahihi.

Askari walikuja saa nne asubuhi. Ofisa alisimama uani akisoma, na kila aliyetajwa akaitika. Ndugu yangu alitoka chumba cha kona amevaa kofia safi, akangoja kuitwa. Karatasi ikaisha. Alicheka kidogo, akaninyooshea kidole.

"Muulize huyu. Mimi ndiye nilijenga hii fyumba yote."

Ofisa akanigeukia. "Ni mpangaji wako?"

Neno moja lingetosha.

"Hapana," nikasema. "Si mpangaji."

Ilikuwa kweli tupu, na katika maisha yangu sijasema jambo baya kuliko hilo. Nilianza kueleza habari za ngamia na riba, lakini ofisa alikuwa ameshakunja karatasi yake. Mwenyewe hakunilaani. Aliomba tu afunge mlango wake. Akaufunga kwa kufuli, akatia ufunguo mfukoni, akapanda lori.

Mzabuni alikuja siku ya nane. Nilivunja kufuli kwa nyundo yangu mwenyewe, nikatia jipya, kisha nikakifungulia chumba cha sita ukurasa.

Kwa kodi hiyo maradufu na akiba yangu ya miaka yote, pesa za ngamia wanane zilitimia kabla ya mwaka kwisha. Nikazifunga kwenye kitambaa nikaenda kule kijijini, nikaomba ruhusa langoni. Alikuja mpaka kwenye seng'enge, amekonda, nikamtambua kwa kofia. Aliniambia ngamia wake waliosalia wamekufa wote kwa kukosa malisho. Nilipenyeza kitambaa. Alikipima uzito mkononi, akakielewa, akanirudishia.

"Ukiniliba leo, chumba si yangu tena," alisema. "Na mimi sina mahali ingine." Kisha akauliza taratibu, "Chumba iko, walaal?"

"Iko," nikasema. "Imefungwa."

Akavuta uzi aliovaa shingoni, akanionyesha ufunguo. Alikuwa ameusugua mpaka unang'aa. Aliurudisha ndani ya kanzu, akaupigapiga kwa kiganja, akatabasamu. Nilitamani anitukane. Nilitamani seng'enge lile lianguke aje aone mwenyewe, nami nisiwepo.

Nilirudi mjini na kitambaa changu. Mzabuni alikuwa amekaa kwenye mlango wa chumba cha kona akipunga upepo wa mtoni. Aliponiona alinipungia mkono, nami nikampungia.