Kilo Zilizoongezeka Morogoro

Miaka ile biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kuingia nchini kwa makontena, nilikuwa dereva wa tajiri mmoja wa Dar es Salaam mwenye malori matano. Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Tajiri alinikabidhi lori la safari za Mbeya, na kwenye kiti cha kushoto akaniwekea dereva wa pili ambaye angeweza kunizaa.

Alikuwa mzee wa Tabora. Ameendesha magari ya shirika la umma ujana wake wote, mpaka shirika likafa na yeye akarudi mtaani kuomba kazi kwa watu binafsi. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, kisha nikamwambia la kufanya. Hakuna kati yetu aliyelifurahia jambo hilo.

Siku ya kutukabidhi gari, tajiri alinivuta pembeni. "Hawa waliotoka kwenye mashirika wana mikono mirefu," akaniambia. "Mali ya umma waliila kama ya baba yao. Mtazame."

Basi nikamtazama. Akisimama kuongea na mtu kwenye kituo cha mafuta, nilitaka kujua wameongea nini. Akichelewa chooni, nilizunguka gari nikikagua kamba. Tulipikia jiko moja la mchina la mafuta ya taa chini ya bodi, tukala sahani moja, lakini yeye chai alikunywa ya chupa yake tu, na hilo nalo nililiwekea maana.

Safari ninayoikumbuka tulibeba mabati na nondo chini, na marobota ya mitumba juu. Mizani ya kwanza baada ya kutoka Dar tulipita vizuri, ingawa tulikuwa karibu kabisa na kikomo cha uzito. Tulipokaribia Morogoro klachi ikaanza kuteleza. Tukajikongoja hadi gereji moja karibu na Msamvu, na fundi akasema kifaa lazima kiletwe na basi kutoka Dar. Siku mbili, akasema, kama basi halichelewi.

Mama yangu alikuwa Matombo, upande wa pili wa milima, na nilikuwa nimesikia mguu unamsumbua. Nilitamani kwenda, ila niliogopa kuacha mzigo na yule mzee. Mwishowe damu ilishinda. Nilipokuwa nikifunga mfuko wangu, akaniita.

"Turubai limetoboka huku mbele, juu ya kabini. Tulishone kabla hujaondoka."

"Nikirudi, mzee," nikamjibu. Gari la Matombo lilikuwa linapiga honi.

Mvua ya Uluguru ilinyesha siku zote mbili. Mama alikuwa anatembea kwa fimbo lakini anacheka, akanipa fungu la karoti na maharage mabichi, akaniuliza mbona nakaa kama mtu aliyekalia siafu. Kweli, nilikuwa nawaza lori.

Niliporudi, klachi ilikuwa imefungwa, fundi anaosha mikono. Nikapanda kwenye bodi kukagua. Mafundo ya kamba hayakuwa yangu. Mimi hufunga kwa kupindua mara mbili. Haya yalikuwa ya kupindua mara tatu. Juu ya turubai kulikuwa na nyayo za tope.

"Nani kafungua mzigo, mzee?"

"Mimi. Mvua ilikuwa inaingia."

Nikawasha gari tukaondoka, njia nzima nikisikia mafundo yale kichwani.

Kwenye mizani iliyofuata karani alitazama karatasi ya Dar, akaitazama ya kwake, kisha akanitazama mimi. "Umeongeza mzigo wapi, dereva?"

"Sijaongeza kitu."

"Kilo mia nne na zaidi zimepanda zenyewe?"

Akatuamuru tuegeshe pembeni, tusitoke mpaka uzito upungue. Nikashuka. Sasa nilikuwa nimepata jibu: mzee amepakia mzigo wa mtu mwingine nilipokuwa kwa mama, amelipwa, na mimi ndiye nitakayefungwa.

"Fungua begi lako," nikamwambia.

"Unasemaje?"

"Fungua begi, mzee. Nione ulichopewa Morogoro."

Madereva wengine walikuwa wamekaa kivulini wakisubiri zamu zao. Walisikia. Mzee alilitoa begi taratibu, akalimwaga lote kwenye majani mbele yao: kanzu, mkeka wa kusalia, mswaki, kopo la majani ya chai, na daftari la shule. Nikaliokota daftari. Hakunizuia.

Kurasa zilikuwa zinanihusu mimi. Dereva kasimama Chalinze saa nzima bila sababu. Dereva kabeba abiria wawili, kawashusha Ngerengere. Halafu: Dereva kaenda milimani kwao, kaacha gari. Nimemwambia turubai limetoboka, kasema akirudi. Mvua kubwa. Nimepanda mara tatu kumwaga maji na kufunga upya peke yangu. Marobota ya mbele yamelowa sana.

Masikio yaliniwaka moto. "Unaniandika?"

"Tajiri alisema vijana wa siku hizi hawaaminiki," akasema. "Alisema nikutazame." Akaanza kurudisha vitu vyake begini, kimoja kimoja. "Wewe alikwambia nini?"

Nikamrudishia daftari. Nadhani alijua.

Tulifungua turubai pamoja. Marobota ya mbele yalikuwa yamekunywa maji hadi yamefura. Moja tulilishusha watu wanne likitiririka. Tulikata mikanda ya yale yaliyolowa zaidi, tukatandaza nguo juu ya majani na vichaka, makoti mazito ya Ulaya na suruali za watoto, eneo zima la mizani likawa kama soko. Wanawake wa jirani wakaja kuuliza bei. Nilisimama hapo kutwa nikihesabu mikono ya watu, na mara mbili nilijikuta naitazama ya mzee. Kesho yake mchana tulipimwa tena, tukapita.

Kabla ya kuondoka mzee alitoa kalamu. "Niandike nini?"

"Andika ilivyokuwa."

Akaandika ilivyokuwa. Mfanyabiashara wa Mbeya alinusa zile nguo akakunja uso, habari ikafika Dar kabla yetu. Tajiri alisoma daftari, akanipokonya usukani, akampa mzee. Nilifanya naye kazi miaka mitatu zaidi, yeye kulia, mimi kushoto, na sijawahi kufundishwa kushuka mlima na gari zito kama alivyonifundisha yeye. Nilimwomba radhi kwa ajili ya begi. Alisema yamekwisha.

Safari ya kwanza akiwa yeye ndiye dereva, alisimamisha gari Msamvu bila kuombwa, akazima injini.

"Nenda kamwone mama. Nitakusubiri mpaka kesho."

Nilimwangalia usoni, nikaangalia mfuko wa shati lake ambamo kalamu ya daftari ilikuwa imechomekwa. Nikasema nitakwenda safari nyingine. Alinitazama kama anayedhani sijasikia vizuri. Kisha akawasha gari.