Jina la Mama Talaso Kwenye Kiraka

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka masikio yangu hupata joto mpaka leo, ingawa mvi zimenijaa kichwani na vijana wa mtaa wetu wa Bulla Pesa hunipisha kiti nikiingia dukani. Siku hiyo nilisimama kwenye kisima cha Kulamawe, mbele ya mbuzi wenye kiu na wenye mbuzi wenye hasira, nikafunga mdomo huku mtu mwingine akibeba kosa langu. Nitakusimulia yote, hata yale ambayo ningependa kuyaruka.

Wakati huo simu za skrini kubwa zilikuwa hazijafika Merti. Nilikuwa kijana wa kwanza kutoka kijijini kwetu, Meru, kusoma kompyuta, na nilijiona sana. Kampuni yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la vitambaa hapa Isiolo. Tulitunza masanduku ya kuendesha pampu za visima, zile za nguvu ya jua. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na kompyuta ndogo ambayo iliwasha pampu, ikaizima tangi lilipojaa, na kututumia habari kwa mtandao wa simu.

Wewe fundi mwenzangu unajua haya, lakini dada yako anayesoma juu ya bega lako hajui, kwa hiyo nivumilie. Kila kompyuta ina programu ya chini kabisa inayoendesha nyingine zote. Sisi huiita kiini. Watu wa dunia nzima hukitengeneza kiini hicho bila kuchoka, na toleo jipya hutoka kila baada ya wiki chache. Lakini sanduku lililoko porini huwezi kulibadilishia kiini kila toleo jipya linapotoka. Hukaa na toleo la zamani, lililotulia, ambalo tabia zake zinajulikana. Kasoro ikigunduliwa, hurekebishwa kwanza kwenye toleo jipya, kwa kipande kidogo cha programu tunachokiita kiraka. Halafu lazima mtu akichukue kiraka hicho, hicho tu bila mapambo mengine, akikate upya na kukishonea kwenye toleo la zamani ili kikae. Kazi hiyo haina sifa. Ukiifanya vizuri, hakuna kinachotokea, na hakuna anayekuja kushukuru kwa sababu hakuna kilichotokea.

Kwetu kazi hiyo ilikuwa ya Mama Talaso.

Mama Talaso alianza maisha akitengeneza mitambo ya simu za waya, akahamia kompyuta akiwa tayari ana watoto wakubwa. Miwani yake ilining'inia shingoni kwa uzi wa viatu. Kila asubuhi aliketi na chai yake ya maziwa ya ngamia akasoma viraka vilivyotoka usiku huo duniani, kimoja baada ya kingine, midomo ikicheza kama mtu anayesoma dua. Katika mia moja alichagua viwili au vitatu vinavyotuhusu. Mimi nilimwona mzito. Nilimwuliza mara nyingi kwa nini tusihamie toleo jipya tukapumzika, naye alinijibu bila kuinua macho, "Kipya kinyemi, ingawa kidonda." Leo nikikumbuka subira ile, mwanangu, nasema wazi kwamba sijaona fundi mwingine kama yule. Watu waliokunywa maji ya mashine zake hawakuwahi kumjua hata kwa sura, na hilo halikumsumbua hata kidogo.

Alikuwa na sheria moja ambayo hakuilegeza. Hakuna kiraka kilichotoka nje bila majina mawili: la aliyekishona na la aliyekisoma. Programu yenyewe ya kutuma ilikuwa imefungwa hivyo. Bila jina la msomaji, ilikataa.

Basi, kiangazi kikali kikaingia, na sanduku la Kulamawe likaanza kuugua. Kila mtandao ulipokatika na kurudi, kiini kilisahau kuachilia kipande kidogo cha kumbukumbu. Baada ya wiki mbili hivi kumbukumbu ilijaa, sanduku likaganda, na Galgalo, mlinzi wa kisima, akalazimika kulizima na kuliwasha. Usumbufu, ila si msiba. Siku moja kiraka cha kasoro hiyohiyo kikatokea kwenye toleo jipya. Niliruka kwa furaha. Mama Talaso alikuwa anafunga mizigo kwenda Merti kwenye harusi ya mpwa wake.

"Kijana yangu," akaniambia mlangoni, "shona hiyo, jaribu kwa ile sanduku ya mezani, lakini usitume. Nikirudi nitasoma."

Nilishona. Kiraka kiliingia bila ugomvi wowote, hakuna mstari uliopinga. Sanduku la mezani likawaka, likafanya kazi siku nzima. Nikajiambia, kuna nini tena cha kusoma? Nikawaza vile atakavyorudi akute kazi imekwisha, akubali kwamba kijana anaweza. Nikafungua programu ya kutuma. Ikaniuliza jina la msomaji.

Mwanangu, nikaandika Talaso.

Sikuhisi hata kama ni uongo. Nilijiambia angekisoma na angekikubali, basi mimi nimemtangulia tu. Ndivyo uongo wa mtu msomi unavyokuja. Nikabonyeza, kiraka kikaenda Kulamawe, nami nikaenda kula.

Kesho yake asubuhi Galgalo akapiga.

"Salaam aleikum, Mutwiri. Hii sanduku umeifanya nini? Nikiwasha inafanya kazi kidogo, mtandao ikipotea tu, inakufa. Nimewasha mara saba. Tangi iko tupu na mbuzi zimejaa hapa."

Nilijaribu kulirudishia toleo la awali kwa mtandao. Kabla halijamaliza kulipokea, mtandao ulikatika nalo likaganda tena. Ugonjwa wa awali ulikuja mara moja kwa wiki mbili. Dawa yangu iliua kila saa. Watu walikuwa wametembeza mifugo siku mbili kufika kisima kile, na kisima kingine kilikuwa mbali kiasi cha mbuzi dhaifu kutofika. Ikabidi nimpigie Mama Talaso. Nilimwambia sanduku limeganda baada ya kiraka. La jina sikulitaja. Akaiacha harusi, akapanda lori la ng'ombe, na asubuhi iliyofuata tulikuwa kwenye pikapu, mimi na yeye, tukielekea Kulamawe. Njiani aliniuliza kama nimekula.

Tulipofika, sauti ya mifugo ilitupokea kabla ya watu. Mbuzi walikuwa wamelala pembeni mwa birika kavu wakihema. Mama Talaso hakuuliza mengi. Aliunganisha waya, akarudisha toleo lililokuwapo mwanzo, na baada ya muda mfupi pampu ikaanza kuvuta. Watu wakawapanga wanyama, wadogo kwanza.

Ndipo akaketi kwenye ngazi ya pikapu, akavaa miwani, akafungua kiraka changu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Niliona kidole chake kikishuka mstari kwa mstari mpaka chini, kwenye majina. Kikasimama. Hakugeuka. Niliomba gari lile linimeze.

Mzee mmoja, Abba Jattani, aliyepoteza mbuzi wawili asubuhi ile, akaja akiegemea fimbo yake. "Nani aliharibu maji yetu?"

Mama Talaso akavua miwani. "Mimi, Abba Jattani. Kazi ilitoka na jina yangu. Jina ikiwa kwa kazi, mwenye jina anajibu."

Mzee akamwangalia kwa huzuni. "Wewe, Talaso? Tulijua wewe ni mtu wa kuangalia."

"Nisamehe," akasema.

Hapo ndipo nilipofunga mdomo. Nilijua ninachotakiwa kusema na ulimi haukunyanyuka. Nilimwona mama wa umri ule, aliyelala juu ya lori kwa ajili yangu, akiinamisha kichwa mbele ya watu wa kabila lake kwa kosa ambalo hakulijua mpaka dakika ile. Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimeuficha nyuma ya mgongo wa mwanamke. Mzee alikuwa ameshageuka kwenda zake ndipo sauti yangu ilipotoka, na ilitoka kwa kupiga kelele.

"Abba! Si yeye. Hakusoma. Mimi niliandika jina lake akiwa Merti."

Abba Jattani akarudi polepole. Akanitazama toka viatu mpaka kichwa. "Kijana wa Meru," akasema, "ngamia ikiwa na chapa ya mtu, ikiharibu shamba, tunaenda kwa mwenye chapa. Wewe umechukua chuma ya huyu mama ukachoma ngamia yako. Kwetu hiyo ni zaidi ya kuiba." Halafu akaenda kwa mbuzi wake. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Nilifikiri Mama Talaso atanifukuza. Alisogea kidogo kwenye ngazi, akapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja. "Keti. Leo tutasoma."

Tukasoma, mwanangu, huku mifugo ikinywa. Alifungua toleo jipya upande mmoja na la zamani upande mwingine, akanifanya nimweleze kila mstari kwa sauti. Nilipokwama alingoja. Baada ya saa nzima tukalifikia kosa. Ndani ya kiini, kabla ya kugusa kitu kinachotumiwa na wengi, programu hufunga kufuli kwanza. Kwenye toleo jipya, kufuli hilo hufungwa ndani ya kazi yenyewe ya kusafisha kumbukumbu. Kwenye toleo letu la zamani, lilikuwa limeshafungwa kabla ya kazi hiyo kuitwa. Kiraka changu kilifika pale kikataka kulifunga tena, kikabaki kinangoja lifunguliwe na mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo kilikuwa kiraka chenyewe. Mezani hapa mjini mtandao haukukatika hata mara moja, kwa hiyo mstari ule haukuwahi kuguswa. Dawa ilikuwa mistari miwili tu ya kuondoa.

"Kiraka haikuwa mbaya," akasema. "Ilikuwa ya nguo ingine. Kama haikugombana na ya zamani, hapo ndio unaogopa zaidi."

Kisha akaniamuru niandike kwenye kumbukumbu za kampuni, mbele yake, kwamba jina la Talaso liliwekwa bila idhini yake, na aliyeliweka ni Mutwiri. Maandishi hayo yapo mpaka leo. Ukitafuta utayaona, na ninajua umeshayatafuta, maana mlinicheka juzi mkidhani sisikii.

Sikuruhusiwa kutuma kitu mpaka mvua za masika. Viraka vyangu alivirudisha, kingine mara tano. Siku alipovuta kibodi kwangu akaandika jina lake kwa vidole vyake mwenyewe, nilitoka nje nikasimama barabarani, nikalia. Amestaafu sasa, yuko Merti na wajukuu, macho yamechoka. Masanduku aliyoyatunza bado yanavuta maji. Vyaelea, mwanangu, vimeundwa.

Jana ulinijia na kiraka chako. Ukasema, "Mzee, ni kitu kidogo, weka jina tu twende." Nilipokuambia uniachie, ulikunja uso ukaondoka bila kuaga. Nimekisoma mara mbili. Ni kazi safi kuliko yangu ya umri huo. Lakini pale unapoachilia kumbukumbu, toleo letu la zamani huja nyuma yako likaiachilia tena, na sanduku litaanguka. Angalia mwenyewe utaona. Kirekebishe ukilete, nami nitakisoma upya tangu mwanzo, hata kama mabadiliko ni herufi moja.

Nasaha yangu basi ni hii. Usiidharau ya zamani kwa kuwa umeijua mpya, maana watu wanaokunywa maji wanaishi na ya zamani. Ukileta dawa kutoka kwingine, kamjue mgonjwa kwanza. Andika ulikoitoa na ulichobadilisha, ili ajaye baada yako asipapase gizani. Ukikosea, sema kabla mwingine hajakusemea. Na jina la mtu usiliandike, wala lako usimwazime yeyote, hata akiwa na haraka, hata ukimpenda kama mwanao.

Mungu akupe macho ya Mama Talaso na ulimi mwepesi kuliko wangu. Akuzungushie watu watakaoirudisha kazi yako mara tano bila kukuchoka. Nakuombea siku ambayo kisima kitavuta, mbuzi watakunywa na kuondoka, na hakuna atakayeuliza jina lako. Amina.