Genoveva na Lami ya Mtaa wa Yantra

"Atakayeitoboa barabara hii, anitoboe mimi kwanza!"

Maneno hayo Genoveva Tsolova aliyasema mwenyewe, kwenye kipaza sauti cha manispaa, mbele ya meya, padri, bendi ya shule na nusu ya mji wa Slatinovo, siku ya kukata utepe wa Mtaa wa Yantra. Hakulazimishwa na mtu. Kipaza sauti hakikuwa hata chake. Alimpokonya meya, ambaye alikuwa bado anakishukuru chama, benki na Mungu, kwa mpangilio huohuo. Genoveva akasema lami ile ina unene wa kiganja, akasema imeshindiliwa kuliko inavyotakiwa, akasema wajukuu wa watu waliosimama pale wataota mvi kabla mtu hajauona tena udongo wa Mtaa wa Yantra. Baada ya hapo ndipo akaja na hilo la kutobolewa.

Watu wakapiga makofi. Padri Evstati akachovya shada la mrehani kwenye maji ya baraka akairashia lami, na kwa kuwa lami ilikuwa bado na joto, ikafuka kidogo. Bibi Zlatina wa nyumba namba saba akapiga ishara ya msalaba.

"Mungu akusikie, binti yangu," akasema kwa sauti ya kusikika hadi kwenye bendi. "Maana manispaa tumeshawajaribu."

Sasa, kwa mambo ya barabara, manispaa ni Genoveva. Kitengo chake kinaitwa Barabara na Kazi za Umma, jina refu kuliko kitengo chenyewe: yeye, dereva wake Minko, vibarua wa msimu, lori moja, na mtambo wa kushindilia ambao unamzidi Minko umri. Aliingia pale kwa kibarua cha miezi mitatu cha kuhesabu mbwa wa mitaani, akiwa msichana mwenye diploma ya ujenzi na kiuno. Mbwa hawakuisha, kwa hiyo kibarua nacho hakikuisha. Siku mkuu wa barabara alipokwenda Hispania kuchuma stroberi na asirudi, wakamwambia Genoveva ashike kiti kwa muda. Muda huo unaendelea mpaka leo. Mumewe naye akamfuata yule mkuu kwenye stroberi, akakuta huko mchumaji mwenye mikono laini. Genoveva akabaki na kiti.

Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na barabara nzima. Hata moja. Watu wa maji hawakumpa nafasi. Kampuni ya maji ofisi zake ziko mji wa mkoa, na huko, watu wa Slatinovo wanavyoamini, kuna mtu analipwa mshahara kwa kazi moja tu: kunusa lami mpya. Mtaa wa Sokoni Genoveva aliuwekea lami Ijumaa, Jumanne wakaja wakaupasua kama samaki. Barabara ya Makaburini waliichimba siku ya mazishi. Wafiwa waliruka mtaro mmoja mmoja, na marehemu akavushwa juu ya mikono ya watu kama mwimbaji jukwaani. Genoveva aliomba, alitukana, aliwahi hata kuwapelekea keki ya walnati. Keki walikula.

Kwa hiyo asichekwe. Alikuwa anakaribia kustaafu na alitaka kitu kimoja: barabara moja, nzima, ya kupita kwa miguu Jumapili na mkoba wake mkononi, aiangalie mwanzo hadi mwisho na asione kiraka.

Ila kuna jambo ambalo hakulisema kwenye kipaza sauti.

Chini ya mtaa kuna valvu za kufungia maji, na juu ya kila valvu kuna kifuniko cha chuma. Ukiongeza lami juu ya barabara, kwanza unakiinua kifuniko kwa pete ya chuma ili kije sawa na lami mpya. Pete zilikuwa zimeagizwa. Zilikuwa njiani, kama mambo mengi mazuri ya nchi yetu. Meya Harizanov alitaka utepe ukatwe kabla ya Jumamosi, kwa sababu uchaguzi ulikuwa Oktoba na mpinzani wake alishaanza kugawa soseji.

"Bosi, hivi vifuniko je?" Minko aliuliza asubuhi ile, lori limejaa, lami inafuka mvuke.

Genoveva akaitazama lami inavyopoa.

"Pitisha juu."

"Juu hivihivi?"

"Pete zikija tutavifukua. Nitakumbuka vilipo."

"Utakumbuka?"

"Minko, mimi nakumbuka mpaka majina ya mbwa."

Minko akapitisha.

Ikapita wiki moja na kidogo. Genoveva alikuwa anapita Mtaa wa Yantra hata kama hana safari ya huko. Halafu ikaja Jumamosi ya pilipili.

Mwishoni mwa Septemba hakuna mtu Slatinovo anayefanya jambo lolote isipokuwa pilipili hoho. Kila ua una moto, na juu ya moto kuna pipa la bati linazungushwa kwa mkono, na ndani yake pilipili nyekundu zinachomwa mpaka ngozi inakuwa nyeusi. Zikitoka hapo zinamenywa, zinasagwa na nyanya kuwa lyutenitsa, zinajazwa kwenye chupa za mdomo mpana, na chupa zinachemshwa kwenye karai kubwa la maji. Bila maji pilipili zinaoza. Mwanamke ambaye pilipili zake zimeoza hana cha kula Januari na, kibaya zaidi, hana cha kujivunia.

Asubuhi hiyo mabomba ya Mtaa wa Yantra yalikohoa, yakatema kutu, yakanyamaza.

Bozho wa kampuni ya maji akafika na katapila, sigara mdomoni, mwendo wa mtu anayelipwa kwa saa. Akapita na kifaa chake cha kusikilizia, akalaza sikio, akanyoosha mgongo.

"Bomba limepasuka. Lipo chini ya hii sakafu yenu ya dansi."

Genoveva alifika mbio, bado amevaa ndara za nyumbani. Kabla hajasema neno, akaona nguzo ya umeme. Kwetu mtu akifa, familia inabandika tangazo kwenye nguzo: picha, fremu nyeusi, majonzi. Pale nguzoni palikuwa na tangazo jipya, na picha iliyokuwa ndani ya fremu ilikuwa ya barabara.

KWA MAJONZI MAKUBWA TUNATANGAZA KIFO CHA GHAFLA CHA MPENDWA WETU MTAA WA YANTRA. AMEFARIKI AKIWA MCHANGA, LAINI, MWENYE HARUFU NZURI. MAZISHI MUDA WOWOTE, KATAPILA LIMESHAFIKA. WAFIWA WENYE PILIPILI.

"Nani kabandika huu upuuzi?"

"Mimi," alisema Bibi Zlatina, mikono nyekundu hadi kwenye viwiko. "Duka la majeneza wanachapa. Ukichukua kumi wanakupunguzia."

"Bibi, barabara haijafa!"

"Tumewahi tu, binti yangu. Na wewe tulikufikiria, ila hatukuwa na picha yako nzuri."

Bozho akakohoa. "Dada Geno, tusigombane. Nionyeshe valvu nifunge maji kwanza, kisha nichimbe kashimo kadogo, kama ka daktari wa upasuaji."

"Hapa huchimbi."

"Sawa. Valvu ziko wapi?"

"Zipo."

"Zipo wapi?"

"Chini."

"Asante. Nilidhani ziko kanisani." Bozho akaitazama barabara, nyeusi, laini, haina hata kovu. Taratibu uso wake ukaanza kung'aa kama wa mtu aliyeokota pochi. "Subiri kwanza. Mmepitisha juu? Dada Geno! Mmepitisha juu ya vifuniko?"

Genoveva aliingia uani kwa Bibi Zlatina, akatoka na kiti cha jikoni, akakiweka katikati ya barabara, mbele ya meno ya katapila, akakaa.

Akampigia meya simu.

"Kaa hapohapo," meya akamwambia. "Jumatatu watu wa televisheni wanakuja kupiga picha barabara. Asiiguse mtu. Wewe ni simba, Genoveva."

"Na watu hawana maji, mheshimiwa."

"Wape moyo."

Simba akakaa. Jua likapanda. Wanawake wa mtaa wakajikusanya na visu vyao vya kumenyea, wakamzunguka kwa umbali wa heshima, heshima ya kisu, si ya cheo.

"Nina pilipili za kujaza bafu," Bibi Zlatina akasema. "Nizioshe kwa mate?"

"Bibi, siku mbili tu. Mpaka Jumatatu."

"Jumatatu zitakuwa zimeshaanza kutembea zenyewe."

"Miaka yote hii mmenilalamikia mashimo! Nimewapa barabara. Kama meza! Leo mnataka kuikata kwa sababu ya mboga?"

"Binti yangu, barabara siwezi kuipaka kwenye mkate."

Genoveva aliushika ukingo wa kiti. Hakuna aliyekuwa upande wake, isipokuwa Minko, na Minko alikuwa upande wake kwa kukaa kwenye kivuli cha lori na kutomwangalia mtu usoni. Bozho alizima katapila, akawasha sigara nyingine, akangoja. Kisha akatega kichwa kama mtu anayetazama picha iliyoning'inizwa upande.

"Dada Geno."

"Sisogei."

"Sikuambii usogee. Ila unarefuka."

Wote wakatazama. Ilikuwa kweli. Lami ya Genoveva, ile ya unene wa kiganja, ilikuwa inavimba chini ya kiti, polepole, kama mkate kwenye tanuri. Maji yalikuwa yametafuta pa kutokea siku nzima na yamekuta kazi imefanywa vizuri kupita kiasi. Magoti yake yalikuwa yameshapita usawa wa kiuno cha Bozho.

"Sasa tunamwona vizuri," alisema Bibi Zlatina. "Kama sanamu ya mkombozi."

Genoveva akapiga simu tena, akiwa huko juu.

"Barabara gani?" meya akauliza. "Mimi mambo ya kiufundi siingilii, unajua hivyo. Uamuzi wa kupitisha juu ya vifuniko ulikuwa wako." Akakata.

Lami ikapasuka. Ilitoa mlio mdogo, wa aibu, na maji yakachomoka pembeni mwa mguu wa kiti, kwanza ya matope, kisha ya mchanga, kisha meupe. Genoveva akashuka na ndara moja. Wanawake hawakumpisha wala kumcheka. Walishakimbia uani na wakarudi na ndoo. Maji ya barabarani hayanyweki, lakini chupa yanachemsha. Wakapanga foleni.

"Tangu nimezaliwa," alisema Bibi Zlatina akikinga ndoo yake, "leo ndiyo mara ya kwanza manispaa inaniletea maji mlangoni."

Angeweza kwenda nyumbani. Bozho angechimba, meya angesema lake, na mji mzima ungejua kwamba watu wa maji wamemfanyia tena. Ingekuwa hadithi nzuri, na angeonewa huruma mpaka siku ya kustaafu. Genoveva alisimama kidogo na mguu wake mmoja mtupu ndani ya maji, akaitazama ile hadithi nzuri. Kisha akamwendea Bozho.

"Lete mashine ya kuvunjia."

"Wewe?"

"Nilisema atakayeitoboa anitoboe kwanza. Mimi kujitoboa siwezi. Lete mashine."

Bozho akampa. Mashine ilimtikisa mpaka pini za nywele zikamruka. Alitoboa mbele ya geti la namba saba, pale alipokumbuka, akakuta udongo. Akasogea hatua chache, akatoboa tena. Udongo, na kipande cha sufuria ya zamani.

"Bosi," Minko akaita kutoka kivulini, "jaribu kuita majina ya mbwa."

Mara ya tatu chuma kikagonga chuma. Genoveva akapiga magoti, akafukua kwa mikono, na kifuniko kikatokea, kimegandwa na lami kama kaimati na shira. Bozho akaingiza ufunguo wake mrefu, akazungusha. Maji yakalala.

"Kosa langu," Genoveva akasema, akiwa bado magotini, na akalisema kwa sauti ileile ya kipaza sauti. "Nilipitisha juu. Si watu wa maji. Mimi."

Bozho, ambaye tangu aanze kazi hajawahi kusikia mtu wa manispaa akisema hivyo, alivua kofia bila kujua kwa nini.

"Basi inuka," alisema Bibi Zlatina. "Unanizibia njia."

Jioni bomba lilikuwa limeshonwa, maji yamerudi na mtaa wote unanuka pilipili za kuchoma. Bibi Zlatina alimletea kipande cha mkate kilichopakwa lyutenitsa ya moto na glasi ya rakia, pombe kali ya matunda, na ile ndara yake. Matangazo hakuyabandua. Alikuwa amenunua kumi, akabandika kumi.

Jumatatu watu wa televisheni walikuja. Meya alisimama upande wa mtaa ambao haukuwa na kiraka, akasema Slatinovo inashughulikia dharura kwa kasi ya Ulaya. Genoveva waliyemhoji baada yake alisema vifuniko vilifunikwa, na nani alifunika. Kipande hicho hakikurushwa.

Jumatano ikatoka amri: Mtaa wa Rila nao uwekewe lami kabla ya siku ya kura. Pete bado zilikuwa njiani. Minko alilisimamisha lori mwanzo wa mtaa, mvuke unapanda nyuma, akatoa kichwa dirishani.

"Bosi? Tupitishe juu?"

"Zima gari."

"Lami itapoa."

"Ipoe."

Alivuka barabara hadi dukani kwa vifaa vya ujenzi, akaomba rangi nyekundu isiyotoka kwa mvua, ya kuweka alama ukingoni mwa barabara mkabala na kila kifuniko. Muuzaji akamuuliza kwenye risiti aandike jina la manispaa au lake. Genoveva akasema lake.

Kopo la lita moja lilikuwa leva kumi na nane, akazitoa kwenye mkoba wake.